Jua Lisilo na Kibali

Nchi ninayotaka kuisimulia siitaji jina. Siyo kwamba naogopa. Jina lake lilisajiliwa na Kampuni ya Reli mwaka uleule iliposajili mito, madaraja na sikukuu, na mtu akilitamka hadharani bila stakabadhi hutozwa faini. Mimi ni karani mstaafu wa Idara ya Nyakati, mtu mwenye pensheni na heshima zake, na sioni sababu ya kuanza uhuni uzeeni. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na msomaji mwerevu ataelewa kuwa siyo yake.

Nchi yetu ilikuwa na vitu viwili kwa wingi: ngano upande wa tambarare, na viwanda vya nguo upande wa mto. Katikati ilipita reli. Ngano ilishuka kwenda kuwalisha watu wa viwandani, nguo zikapanda kwenda kuwavika watu wa ngano, na kila kilichopanda au kushuka kiliacha nusu yake njiani kwa Kampuni. Wote walioulizwa walikubali kuwa huo ni mpango mzuri. Walioulizwa walikuwa Wakurugenzi wa Kampuni.

Zamani, kabla sijaajiriwa, wakati katika nchi yetu ulikuwa ovyo sana. Jua likichomoza watu walisema kumekucha. Likipanda kidogo walisema saa moja. Mkulima alisimika kijiti shambani, akatazama kivuli chake, akajua saa bila kumlipa mtu yeyote. Kampuni iliona hasara hiyo ikasikitika. Ikamwomba Mheshimiwa Mlezi wa Taifa atunge sheria, naye akaitunga asubuhi hiyohiyo kabla ya chai, kwamba tangu siku hiyo saa halali ya nchi ni ile iliyomo mfukoni mwa Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni.

Ilikuwa saa ya dhahabu, nzuri ajabu, na ilikwenda mbele ya jua kwa saa mbili kamili. Fundi mmoja alidokeza kuwa huenda ina hitilafu. Akaelezwa kwa upole kwamba hitilafu iko kwenye jua, na baada ya hapo hatukumwona tena. Idara ya Nyakati ikaundwa ili kueneza saa hiyo nchi nzima, nami nikapata kazi.

* * *

Matunda ya sheria yalionekana mara moja. Viwandani king'ora kilianza kulia saa kumi na mbili asubuhi ya Kampuni, ambayo kwa jua ilikuwa saa kumi alfajiri, giza totoro. Kililia kila saa, na kuwafungulia baada ya saa kumi na tano, giza lingine likiwa limeshaingia. Madirisha ya viwanda yalipakwa rangi nyeusi ili mwanga wa nje usiwababaishe wafanyakazi, na ndani ziliwashwa taa za gesi. Siku ya mapumziko ya kila wiki ilibaki palepale kisheria, ila ilihamishiwa usiku wa Ijumaa.

Tambarare nako mambo yalinyooka. Treni ya ngano iliondoka saa tatu asubuhi. Mkulima aliyefika na mkokoteni wake wakati kivuli kikimwambia ni saa tatu aliikuta treni imeondoka tangu saa mbili zilizopita, na ngano yake ikaandikwa "ngano iliyochelewa", ambayo Kampuni iliinunua kwa bei ya chakula cha kuku. Utauliza kwa nini wasiwahi. Waliwahi. Siku walizowahi, treni nayo iliwahi zaidi.

Jirani yangu kwenye nyumba za Kampuni alikuwa mwanamke aitwaye Sikudhani, mfanyakazi wa mashine za kusokota nyuzi. Mumewe alikufa kwa kikohozi cha pamba. Alikuwa na binti mmoja, Tunu, wa miaka minne wakati huo, aliyelelewa na bibi yake mchana kutwa.

Siku moja boila ya kiwanda ilipasuka adhuhuri, wafanyakazi wakatolewa nje. Sikudhani alikimbia nyumbani kwa furaha. Akafungua mlango, jua likiwa limejaa uani, akamfungulia mtoto mikono. Tunu alipiga yowe akajificha nyuma ya bibi yake. Mama aliyemjua yeye alikuwa sauti na kiganja gizani. Huyu mwanamke mwenye uso hakumjua. Bibi alimbembeleza weee, wapi. Mwishowe ikabidi Sikudhani afunge mlango na dirisha, akae sakafuni gizani, amwite kwa jina. Hapo ndipo mtoto alipomjia.

Najua habari hii kwa sababu kesho yake alikuja dirishani kwangu kuandika ombi, akachelewa kazini kwa ajili hiyo na kukatwa mshahara wa siku mbili. Nilimsomea fomu. Ilipofika sehemu ya sababu za ombi akasema, "Nataka mwanangu anijue uso, kukiwa na mwanga." Nikamweleza kuwa fomu haina sehemu ya mambo kama hayo. Nikaliandika chini kabisa, penye "Mengineyo". Jibu lilirudi baada ya miezi minne, nalo lilisema kuwa ombi limepokelewa.

* * *

Baada ya hapo Sikudhani hakuandika tena fomu. Alianza kuzungumza. Alizungumza kwenye foleni ya maji, akazungumza kwenye foleni ya mkate, na katika nchi yenye foleni nyingi kama yetu mtu wa namna hiyo hufika mbali. Mwaka haukuisha, Muungano wa Saa Nane ukawa na wanachama elfu tatu. Walidai kazi ya saa nane kwa siku, siyo kumi na tano, na saa yenyewe irudi kwenye jua.

Huko tambarare kaka yake, Ngwali, alikuwa akiwakusanya wakulima katika Umoja wao, kwa dai hilohilo la saa ya jua. Ngwali alikuwa mrefu kupita kiasi, mwembamba, mtu wa maneno machache. Dada na kaka waliandikiana barua, ambazo tulizisoma idarani kwa makini na kuzifunga tena vizuri. Wakakubaliana kuwa mtu wa kiwandani akigoma peke yake atakufa njaa, na mkulima akizuia ngano peke yake ataozewa nayo. Waende pamoja, siku moja.

Serikali haikukaa kimya. Mheshimiwa Mlezi alitoa Amri ya Vivuli, iliyotangaza kwamba jua, kwa kuwa halikuwahi kuomba kibali cha kutoa saa, si mamlaka inayotambulika, na mtu yeyote atakayelisoma anashirikiana na mamlaka isiyotambulika. Askari walisambazwa mashambani kung'oa vijiti. Vilipoisha vijiti waling'oa nguzo za uzio, kisha wakaja kwa watu.

Ngwali alikamatwa kwa kutoa kivuli chenye kusomeka. Nilikuwepo mahakamani kama shahidi wa Idara. Hakimu alimuuliza kwa nini alisimama wima katikati ya shamba mchana kweupe. Ngwali akajibu kuwa alikuwa akipalilia, mgongo ukamuuma, akaunyoosha. Hakimu aliandika kuwa mshtakiwa amekiri. Akampa kifungo cha majuma sita, na amri kwamba akirudi shambani awe ameinama wakati wote. Wakulima waliokuwa mahakamani walicheka kwanza, wakidhani ni mzaha. Wakatolewa nje kwa virungu.

* * *

Siku ya kuanza mgomo ilipangwa. Ungekuwa mkutano mmoja mkubwa kwenye uwanja wa stesheni, watu wa viwandani na watu wa ngano waonane uso kwa uso, wapeane mikono na kula kiapo. Sheria yetu haizuii mikutano, ni vibali tu vinavyotakiwa. Kila upande ulileta ombi lake, na vibali vyote viwili nilivijaza mimi kwa mkono wangu: saa nne asubuhi hadi saa tano asubuhi. Mkuu wangu alivisoma, akatabasamu, akanirudishia nivigonge muhuri.

Nilijua. Sitamzunguka msomaji. Nilipokuwa nikigonga muhuri wa pili nilijua kuwa saa nne ya karatasi hii siyo saa nne ya karatasi ile. Lakini sikuulizwa, na karani asiyeulizwa hajibu.

Siku ilipofika nilitumwa uwanjani na daftari. Wafanyakazi walikuja wote elfu tatu kwa mpigo, king'ora kilipolia saa nne ya Kampuni. Walikuwa wameishi chini ya king'ora kile miaka kumi na miwili, wakikilaani asubuhi na jioni, na walipotaka kukipindua walikuja kwa kukifuata. Hakuna aliyetazama juu. Wengi walikuwa wamefunika macho kwa viganja kwa sababu mwanga uliwachoma. Sikudhani alikuwa mbele na Tunu mgongoni, mtoto amefunikwa kitambaa usoni.

Wakasubiri. Njia ya tambarare ilikuwa tupu, vumbi halitimki. Waliimba kidogo, kisha wakaacha. Nikaona nyuso zikianza kubadilika, mtu akimtazama mwenzake, mwingine akisema chinichini kwamba wakulima ni walewale, mwenye shamba hajui shida ya asiye na shamba. Sikudhani alikuja hadi nilipokaa.

"Saa ngapi sasa, Bwana Karani?"

Nikatoa saa yangu. "Saa tano kasoro dakika kumi."

Nilisema kweli tupu. Ningeweza kuongeza maneno matano, kwamba kwa kaka yako bado mapema. Lakini askari alikuwa amesimama karibu, na mimi nina watoto. Alinishukuru, akarudi kwa wenzake. Ilipotimu saa tano kibali kikaisha, askari wakasafisha uwanja.

Saa nzima baadaye, kivuli cha nguzo ya stesheni kikionyesha saa nne barabara, ndipo mikokoteni ilipoanza kuingia. Wakulima walikuja na wake zao, na ngano yao ya mwaka mzima, na magunia ya mkate, vyote kwa ajili ya wenzao wa mjini wakati wa mgomo. Wakakuta uwanja mtupu. Kibali chao kwa Kampuni kilikuwa kimeshaisha, lakini serikali ilikuwa na ubinadamu siku hiyo. Askari walipewa amri wasiwaguse, wawaache wasubiri mpaka wachoke. Ngwali alisimama katikati, wima kabisa, bila kujali hukumu, akitazama kivuli chake mwenyewe kikifupika miguuni. Walisubiri hadi adhuhuri. Treni ya ngano ilikuwa imesimama palepale, milango wazi, na kwa mara ya kwanza tangu reli ijengwe haikuwa na haraka. Mzee mmoja wa Umoja akasema watu wa mjini wamewauza. Akaanza kupakia. Jua lilipoanza kuinama mikokoteni yote ilikuwa mitupu, na ngano ya mwaka mzima ilikuwa kwenye maghala ya Kampuni.

* * *

Mgomo ulidumu siku tatu. Kampuni, ikiwa na ngano yote, ilitangaza kuwa mkate utauzwa kwa mwenye kadi ya kazi iliyogongwa siku hiyo. Haikuhitaji kumpiga risasi mtu yeyote, jambo ambalo Mheshimiwa Mlezi alilitaja baadaye kama ushahidi wa upole wetu kama taifa.

Siku hizo tatu nilimwona jirani yangu kila siku, kwa sababu ukuta wa ua wetu ni mfupi. Siku ya kwanza Tunu alilia na kumkimbia. Siku ya pili alichungulia kutoka nyuma ya mlango, muda mrefu, kidole mdomoni. Siku ya tatu alimjia mama yake alipokuwa ameketi juani, akamshika pua, akamshika nyusi, akamshika kovu la kidevuni ambalo hakuwahi kulijua. Sikudhani hakujitikisa hata kidogo. Mimi niliingia ndani, sikutaka kuonekana.

Siku ya nne, kabla ya alfajiri, Ngwali alikuja mjini kwa miguu, ana hasira. Nilikuwa uani kwangu na niliyasikia yote.

"Nilikusubiri, Siku," alisema. "Watu elfu mbili wenye mikate walikusubiri. Umeniaibisha."

"Mimi nilikuwepo, kaka. Nikiwa na mtoto mgongoni."

"Lini?"

"Saa nne, kama tulivyoandikiana."

"Na mimi nilifika saa nne."

Kisha Sikudhani akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Saa nne ya nani?"

Ngwali aliketi chini, hivihivi, katika vumbi la uani. Katika miaka yote ya barua, kwa watu waliokuwa wakipigania saa na si kingine, hilo ndilo swali pekee ambalo halikuwahi kuulizwa. Kila mmoja alidhani saa yake ndiyo saa. Wakabaki wakitazamana, na nadhani kama wangepewa siku moja zaidi wangeweza kuanza upya. Lakini ndani ya nyumba hapakuwa na mkate tangu juzi, na king'ora kikalia. Sikudhani alisimama, akamfunika Tunu vizuri alipolala kando ya bibi yake, akampita kaka yake, akaenda kazini.

* * *

Msomaji asidhani kuwa serikali yetu haisikilizi. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na Chama cha Mlezi kilitambua kuwa maneno "saa nane" yanapendwa na watu. Kikayachukua. Yakaandikwa kwenye mabango, kwenye sahani, kwenye kofia za askari. Muungano ukakaribishwa ndani ya Chama pamoja na Umoja wa Wakulima, na viongozi wao wakapewa viti katika bunge, safu ya nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Ngwali aliahidiwa uwaziri mdogo wa vivuli. Alikataa, na hukumu yake ya kuinama ikaongezwa iwe ya maisha. Hadi leo analima hivyo, na wanaopita njiani humpungia mkono bila yeye kuwaona.

Siku ya kutia saini sheria tulijaa uwanjani. Mheshimiwa Mlezi alipanda jukwaani, akafuta machozi yaliyokuwa hayajatoka.

"Ndugu wananchi," alisema, "mliomba saa nane za kazi. Ni baba gani ambaye mwanawe akimwomba saa nane humpa saa nane nyembamba? Mimi nimewapa nene."

Tulishangilia kwa dakika arobaini, muda uliopangwa. Sheria ikasomwa. Kuanzia siku hiyo mfanyakazi atafanya kazi saa nane tu kwa siku, na atakayemzidishia hata dakika moja atafungwa. Saa moja ya kitaifa itakuwa sawa na saa mbili za zamani. Mimi nilipiga hesabu kwa mazoea nikapata kumi na sita, ambayo ni zaidi ya kumi na tano, nikaenda kumwuliza mkuu wangu. Akaniambia nimechoka, akanipa likizo ya robo saa.

Katika usafishaji wa mafaili uliofuata ndipo likapatikana lile ombi la Sikudhani. Mwandishi mmoja wa gazeti la Chama alilisoma, akaguswa, na habari ikafika juu. Mheshimiwa Mlezi mwenyewe aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba haiwezekani katika utawala wake mama asijulikane uso na mwanawe, na kwamba jambo hilo lirekebishwe upesi, kwa akina mama wote, bila kujali gharama.

Likarekebishwa ndani ya mwezi.

Nilitumwa kiwandani kupeleka fomu ya kufunga ombi. Nje nililipita geti jipya, dogo, kimo cha kiuno changu. Ndani kelele za mashine zilinitoboa masikio, na pamba ilielea hewani hadi taa za gesi zilionekana kama zina ndevu. Sikudhani alikuwa kwenye mashine yake. Chini ya mashine, kwa tumbo, alikuwa Tunu, wakati huo ana miaka saba, akiunganisha nyuzi zilizokatika, kazi inayotaka vidole vidogo.

Nikapaza sauti nikamsomea mama maswali. La kwanza lilikuwa kama mtoto sasa anamwona mwombaji kukiwa na mwanga. Sikudhani alitazama taa iliyokuwa juu yake. Mikono haikuacha kazi.

"Andika ndiyo."

Nikamsomea la pili, kama mtoto anaijua sura ya mama yake.

"Andika ndiyo," alisema. "Hata nikianguka hapa leo, atanitambua."

Nilimshika kidole gumba mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kuiacha mashine, nikakichovya kwenye wino na kukibana kwenye karatasi. Palikuwa na nafasi ya maoni ya mwombaji. Nilimwuliza kama ana neno. Alinitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ile uwanjani, nami nikaelewa kuwa siku nyingi ameshajua nani alijaza vile vibali. Akarudisha macho kwenye nyuzi. Nikaandika "Hakuna".

Tunu alitambaa akatoka, nywele zake nyeupe kwa pamba kama za kikongwe. Alivitazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa na matope mabichi, akajua nimetoka nje. Akaniuliza kama huko ni mchana.

Nilikuwa nimelipita lile geti dakika tano tu zilizopita. Nikasimama pale nikijaribu kukumbuka, mtoto akisubiri na mama yake akinitazama, kisha nikaingiza mkono mfukoni kutafuta saa.